Mandari ya Unguja: Jinsi Mapumziko Yalivyohama Magharibi na Kwenda Mashariki

Kila mwaka, tunaposahihisha insha za wanafunzi wetu juu ya likizo, hatukosi kukutana na sentensi kama hii: "Tulikwenda mandhari ya baharini." Mwanafunzi amekusudia mandari, yaani matembezi ya kustarehe, watu wakichukua chakula chao na kwenda kukaa mahali pazuri mchana kutwa. Mandhari ni sura ya mahali penyewe, lile ambalo macho huliona. Yametofautiana kwa herufi moja tu, na kwa hakika mtu huenda mandari ili aone mandhari. Basi kosa lenyewe halina dhambi kubwa. Lakini limetufanya tujiulize swali ambalo vitabu vyetu vya masomo havilijibu: watu wa visiwani, ambao kwao bahari iko mlangoni, walikuwa wakienda wapi kupumzika? Na nani aliyekuwa na nafasi ya kupumzika?

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi za bara tuna sababu ya kuuliza. Wengi wa wanafunzi wetu hujifunza kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, kabla hawajaonja maji ya chumvi. Wanapofikiri juu ya Unguja huiona kama inavyochorwa katika matangazo ya safari: mchanga mweupe, mnazi ulioinama, ngalawa, na mgeni aliyejinyosha kitini. Picha hiyo si ya uwongo. Ila ni picha mpya mno, na aliyekuwa na uwezo wa kustarehe katika Unguja ya miaka 150 iliyopita angeshangaa kuiona, kwa sababu ule ufukwe ulio katika picha ulikuwa mahali ambapo yeye asingefikiria kabisa kwenda kupumzika.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza tukitazame kisiwa chenyewe. Unguja ina urefu upatao kilomita 85 na upana wa kilomita 39 au pungufu. Upande wa magharibi na kaskazini-magharibi una udongo mzito, vilima vya kadiri, vijito, na miti mirefu ya matunda. Upande wa mashariki na kusini ni mawe ya matumbawe ya kale, yaliyofunikwa na vichaka na udongo mwembamba sana. Wenyewe huita nchi hiyo uwanda, au maweni. Bandari iko magharibi, imekingwa na visiwa vidogo vidogo, na hutazamana na bara. Mashariki kuna mwamba mrefu unaozuia mawimbi ya bahari kuu, na ndani ya mwamba huo maji hupwa mpaka mtu aweza kutembea kwa miguu masafa marefu juu ya mchanga. Magharibi palikuwa na rutuba na kivuli, mashariki pana mawe, upepo na chumvi. Mwenye nguvu angechagua wapi?

Seyyid Said bin Sultan alichagua magharibi. Alipoanza kuhamishia makao yake kutoka Maskati, jambo lililokamilika mwaka 1840, kasri yake kuu haikuwa mjini bali Mtoni, maili chache kaskazini ya mji, kando ya bahari. Tunaijua Mtoni vizuri kupita kasri nyingine zote, kwa kuwa binti mmojawapo aliyezaliwa humo mwaka 1844, Sayyida Salme, aliandika kitabu juu ya maisha yake, kilichotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886, alipokuwa akiishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Huko ameeleza ua mkubwa wenye tausi na paa, mabirika ya kuogea ambayo hayakukosa watu usiku na mchana, na baraza ya mviringo iliyoelekea bahari, ambamo baba yake alipenda kukaa na kunywa kahawa. Ameeleza pia jinsi baba yake alivyogawa juma baina ya Mtoni na kasri ya mjini. Katika ukurasa wake mmoja na mwingine tunawaona watoto wakifunzwa kupanda punda na farasi, na jamaa nzima ikiondoka kwenda shamba, wanawake juu ya punda wakubwa weupe, watumwa wakikimbia pembeni.

Hapa tusimame kidogo juu ya neno shamba. Katika Kiswahili cha mjini Unguja, shamba si konde la kulimwa tu. Ni kila mahali palipo nje ya mji. Mtu husema "nakwenda shamba" hata kama hana jembe wala mche. Matumizi haya yana historia ndani yake. Mikarafuu ililetwa Unguja katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, ikapandwa Mtoni na Kizimbani, kisha ikaenea katika ardhi nzuri ya magharibi. Matajiri wa mjini wakawa na nyumba mbili, ya mjini kwa biashara na baraza, na ya shamba kwa karafuu na pumziko. Kwenda shamba, kwa bwana, kulikuwa ni kukagua mali na kupunga upepo kwa pamoja. Kwa mtumwa, shamba lilikuwa kazi tupu. Wasomaji wetu wakikuta katika riwaya neno hili likitamkwa kwa furaha na mmoja, na kwa huzuni na mwingine, wajue kuwa wote wawili wanasema kweli.

Basi pwani ya magharibi ikajaa nyumba za starehe. Kidichi, juu ya kilima, Seyyid Said alijenga hamamu kwa ajili ya mkewe wa ukoo wa kifalme wa Uajemi, na kuta zake zikapambwa kwa nakshi za maua na ndege, mapambo ambayo hayakuwa desturi ya Waomani wa madhehebu ya Ibadhi. Hamamu hiyo ipo hadi leo. Beit el Ras alianza kujenga mwaka 1847, lakini alifariki baharini mwaka 1856 kabla haijakwisha, na mwanawe Majid hakuona haja ya kuiendeleza. Tutarudi Beit el Ras hivi punde, maana mahali hapo panatuhusu sisi walimu.

Aliyepita wote kwa kupenda nyumba za mapumziko alikuwa Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888. Alijenga Marhubi, ikamalizika mnamo mwaka 1882, nyumba ya masuria wake. Ikateketea kwa moto mwaka 1899, na sasa zimebaki nguzo nene zilizosimama kama watu waliosahauliwa na msafara. Alijenga Chuini, kaskazini zaidi, nayo ikaungua mwaka 1914. Na kusini mwa mji alijenga Chukwani, mahali alipopenda kwenda kujiuguza, kwa kuwa hewa ya huko ilisifiwa kuwa ni ya afya kuliko ile ya mjini. Barghash alikuwa amekwenda Uingereza mwaka 1875 na kuyaona mambo ya huko. Mnamo mwaka 1879 akatandika reli nyembamba ya maili saba hivi kutoka kasri ya mjini mpaka Chukwani. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza kichwa cha gari la moshi kutoka Uingereza. Reli hiyo ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki, na haikujengwa kwa kubeba pembe wala karafuu. Ilijengwa ili mtu mmoja na jamaa zake waweze kwenda mapumzikoni bila kutikiswa na punda. Alipofariki, nayo ikafa.

Wako wanaoandika habari za makasri haya kana kwamba yaliota yenyewe. Sisi tunaona ni wajibu kukumbuka kwamba mawe yale yalichongwa na kubebwa, na chokaa ikachomwa, na mashamba yaliyogharimu anasa hiyo yakapaliliwa, na watu waliotoka mbali, wengi wao wakitoka katika nchi zetu hizi za bara. Mwaka 1873 Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Hali ya utumwa yenyewe ilidumu kisheria hadi mwaka 1897. Mwaka mmoja kabla ya mkataba huo, yaani 1872, tufani kubwa ilikuwa imeng'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba haikudhurika kiasi hicho, na tangu hapo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Utajiri wa Unguja haukurudi ulivyokuwa. Mazoea ya kupumzika yalibaki.

Reli ya pili ndiyo inayotupendeza zaidi, kwa sababu humo ndimo tunamomwona kwa mara ya kwanza yule mgeni wa picha. Baina ya mwaka 1905 na 1909 kampuni moja ya Kimarekani, Arnold Cheney, ilijenga reli ya maili saba kutoka mjini mpaka Bububu. Abiria wake walikuwa hasa watu wa kawaida: wenye vikapu vya ndizi na muhogo, wanaokwenda kuwatazama jamaa, wafanyakazi. Lakini liliwekwa pia behewa maalumu la daraja la kwanza kwa ajili ya abiria wa meli. Meli ilipotia nanga kwa saa chache, wasafiri wa Kizungu walishuka, wakapanda behewa lao, wakapelekwa kuona minazi na miembe ya Bububu, wakarudishwa melini. Walikuja kutazama, si kukaa. Hawakuulizwa na mtu wamekuja kwa nani. Huo ni utalii kamili, ingawa neno lenyewe lilikuwa bado halijazoeleka. Inasemekana kwamba mawe ya ile kasri isiyokwisha ya Beit el Ras yalitumika katika ujenzi wa reli hii. Mahali hapo baadaye palijengwa shule, kisha chuo cha ualimu, ambacho baada ya Mapinduzi kilipewa jina la Nkrumah. Walimu wengi wa Zanzibar wamesomea pale ambapo Seyyid Said alitaka kulaza watoto wake. Gari la moshi la Bububu liliacha kuchukua abiria mwaka 1928, baada ya motokaa na barabara kulishinda.

Katika zama za Waingereza, ambao walitangaza himaya yao mwaka 1890, mapumziko yalianza kusogea. Barabara ilivuka kisiwa kutoka mjini mpaka Chwaka, kijiji cha pwani ya mashariki kilicho kwenye ghuba pana ya mikoko, na maofisa wakaona kwamba upepo wa huko ni safi na mbu si wengi kama mjini. Wakawa wanakwenda kumalizia juma. Huo ulikuwa mwanzo mdogo. Wengine walipenda kuvuka kwenda Changuu, kisiwa kidogo mbele ya bandari. Hapo Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, alijenga gereza katika miaka ya 1890, lakini likatumiwa kuwa karantini ya wasafiri wenye kushukiwa maradhi. Na majira ambayo hayakuwa na wagonjwa, mahali pale pale paligeuka kuwa pa kupumzikia. Kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 wakawa ni kivutio kingine, na vizazi vyao vipo mpaka leo. Tunafikiri ni visiwa vichache duniani vilivyowahi kuwa gereza, hospitali na bustani bila kubadili majengo.

Sasa tuwageukie waliokuwako mashariki wakati wote huu. Wenyeji wa pwani hiyo, ambao vitabu vingi huwaita Wahadimu, walikuwa na mtawala wao, Mwinyi Mkuu, ambaye kasri yake ilikuwa Dunga, katikati ya kisiwa, juu ya njia ile ile ya Chwaka. Kasri hiyo ilijengwa baina ya mwaka 1846 na 1856. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alifariki mwaka 1865, na mwanawe aliyemfuata alifariki mwaka 1873, ikawa ndiyo mwisho wa utawala huo. Watu wake walikuwa wakilipa kodi na kutoa kazi. Mikarafuu ilipoenea, ardhi ya rutuba iliwatoka mikononi kidogo kidogo, na maisha yao yakaegemea zaidi na zaidi juu ya uwanda na bahari. Tusifikiri kwamba walikwenda mahali pasipo na asili. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya kuchongwa yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na Unguja Ukuu ilikuwa na watu na biashara karne nyingi kabla ya hapo. Pwani hiyo ilikuwa na ustaarabu wake wakati mji wa leo ulikuwa bado ni kijiji cha wavuvi.

Lakini ilikuwa pwani ya kazi. Wanaume walitega madema na kwenda kuvua kwa ngalawa nje ya mwamba. Wanawake walichokoa pweza katika miamba maji yakipwa, wakafukia makumbi ya nazi mchangani, wakayafukua yameoza, wakayapiga mpaka yakatoa usumba wa kusokotea kamba. Watu walichoma chokaa. Katika uwanda walilima kwa kuhamahama mtama, muhogo na viazi, wakitafuta vishimo vya udongo baina ya mawe. Ule mchanga mweupe unaosifiwa siku hizi ulikuwa ni ua wao wa kazi, kama vile kiwanja cha kupuria nafaka kilivyo kwa mkulima wa bara. Hakuna mkulima anayetandika mkeka kiwanjani ili apumzike.

Wala isidhaniwe kuwa hawakuwa na mapumziko. Wao walikuwa na Mwaka. Makunduchi, kusini kabisa, kila mwezi wa Julai huadhimishwa Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa jua, ambayo asili yake ni Nairuzi ya Waajemi. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa makuti ya migomba, ugomvi wa mwaka uliopita ukamalizwa hapo. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Wanawake hupita wakiimba, wamevaa nguo mpya. Chakula huwa kingi, na desturi yataka kila nyumba iwe na mgeni siku ile, asiye na mgeni huhesabiwa kuwa amepungukiwa. Ukilinganisha desturi hii na behewa la Bububu, utaona tofauti ya aina mbili za mgeni. Wa Makunduchi alikuwa mgeni wa mtu. Methali yetu, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," yamhusu huyo. Wa behewani hakukaa hata siku moja, na hakuna aliyefikiri kumpa jembe.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitaifishwa, wakulima wakagawiwa eka tatu tatu, na nyumba za watawala zikapewa kazi nyingine. Wageni wa starehe walipungua sana. Katika miaka ya 1970 hoteli kubwa ya serikali ilijengwa mjini, Bwawani, na baadhi ya nyumba za serikali za pwani ya mashariki zilikodishwa kwa wasafiri wachache waliobeba mchele na mafuta yao ya taa. Huenda walimu fulani wa kizazi chetu waliziona. Wakati huo pia, mwishoni mwa muongo, ilianzishwa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo iliwavuta wanafunzi wa Kiswahili kutoka nchi nyingi. Hao nao walikuwa wageni, ila wenye daftari.

Mageuzi makubwa yalikuja katika miaka ya 1980. Bei ya karafuu ilianguka katika soko la dunia, kwa kuwa Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilianza kujitosheleza kwa karafuu zake. Serikali ikalegeza masharti ya biashara, na mwaka 1986 ikapitisha sheria ya kulinda vitega uchumi. Wawekezaji walipokuja hawakutazama mashamba ya karafuu, walitazama uwanda. Katika muda mfupi hoteli zikaota Nungwi, Kiwengwa, Paje, Bwejuu na Jambiani. Barabara za lami zikafuata. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000, na wengi wao, wakishauona Mji Mkongwe kwa siku moja au mbili, huvuka kisiwa moja kwa moja kwenda mashariki au kaskazini. Makasri ya magharibi hutazamwa nusu saa kila moja, tena ikiwa dereva ana subira.

Ardhi ambayo hakuna bwana wa karafuu aliyeitamani ndiyo iliyopanda thamani kuliko zote. Na waliosukumwa na historia mpaka ukingoni mwa bahari walijikuta, bila kusogea, wameketi juu ya hazina. Ingekuwa ni hadithi, msimulizi angeishia hapo na kusema wakaishi raha mustarehe. Mambo hayakwenda hivyo. Viwanja viliuzwa mapema na kwa bei ndogo na watu ambao katika desturi yao uwanda haukuwa bidhaa ya sokoni. Vijia vya kwenda pwani vilibanwa baina ya kuta za hoteli. Maji ya visima, yaliyotosha kijiji, yalianza kugombaniwa. Ajira zipo, na hatutaki kuzidharau, maana kijana wa Jambiani mwenye kazi ya hoteli hukaa kwao badala ya kwenda kutanga mjini. Lakini kazi za juu mara nyingi zimeshikwa na waliotoka Tanzania Bara, Kenya na ng'ambo, waliotangulia shule na lugha za kigeni. Hapo nasi walimu tunaguswa, kwa sababu swali la nani atapata kazi gani pwani huanzia darasani.

Tuchukue mfano wa mwani. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kwa biashara kilianza katika vijiji vya Paje na Jambiani. Waliokishika ni wanawake. Maji yakipwa huingia katika mashamba yao ya baharini, wakachomeka vigingi, wakafunga kamba, wakaning'iniza vipande vya mwani vipate kukua, na baada ya majuma machache wakavuna na kuanika. Kwa mara ya kwanza wanawake wengi walishika fedha yao wenyewe, wakajenga nyumba na kulipa ada za watoto. Kwa mwanamke huyo, maji yanayokauka mpaka mbali ni baraka. Kwa mgeni wa hoteli ni malalamiko: ameamka asubuhi na kukuta bahari imekimbia, na badala ya maji ya kuogelea anaona vigingi na watu walioinama. Mahali pengine wakulima wameombwa wasogee. Sasa joto la maji limezidi, ile aina ya mwani yenye bei nzuri haistawi tena kama zamani, na baadhi ya wanawake wamegeukia kutengeneza sabuni za mwani, ambazo huwauzia wageni wale wale. Bado hatujui kama mkataba huu mpya baina ya kazi na pumziko utadumu. Tunachoweza kusema ni kwamba ufukwe mmoja sasa unatakiwa uwe kiwanja cha kazi na kitanda cha kulalia kwa wakati mmoja, jambo ambalo Seyyid Said na Barghash hawakulazimika kulifikiri, kwa sababu wao waliweka kazi huku na mapumziko huku, na ukuta katikati.

Kuna faida nyingine ya safari ya mashariki ambayo matangazo hayaitaji. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, lahaja ya Kiunguja cha mjini ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ndicho tunachokifundisha. Lakini mtu akiendesha gari kutoka mjini kwenda Makunduchi, safari ya saa moja na zaidi kidogo, hupita katikati ya historia ya lugha yenyewe. Hupita chini ya miembe mikongwe ya Bungi, ambayo wenyeji husimulia kwamba ilipandwa kwa amri ya Bibi Khole, binti wa Seyyid Said. Hupita msitu wa Jozani, mwenye kima punju wasiopatikana kwingine duniani ila Unguja na wachache waliopelekwa Pemba. Kisha hutokea uwandani, na akifika mwisho wa barabara atasikia Kikae, lahaja ambayo jina lake lasema wazi kuwa ni lugha ya kale, na ambayo mwanafunzi aliyepata alama za juu katika mitihani yetu hataifahamu kwa siku ya kwanza. Wazee wa huko hawaoni kuwa wao wamekosea Kiswahili. Ni vema wanafunzi wetu wasikie hivyo kwa masikio yao.

Neno mtalii latokana na kutalii, ambalo katika kamusi za zamani lina maana ya kuchungua na kusoma kwa makini. Ni ndugu wa mutalaa, neno ambalo sisi walimu tunalijua sana. Mtalii alikuwa msomaji kabla hajawa mwenye kulala mchangani. Chama kingeweza kupanga safari ya namna hiyo wakati wa likizo ya katikati ya mwaka, si kwa hoteli ya gharama bali kwa nyumba za kulala wageni zilizomo vijijini, kukiwa na siku moja ya Mtoni na Kidichi, siku moja ya barabara ya Dunga hadi Chwaka, na siku mbili za Jambiani na Makunduchi, ikiwezekana zilingane na Mwaka Kogwa. Atakayeongoza msafara afanye jambo moja kabla ya kuondoka mjini: aulize bamvua ni lini, maana siku hizo ndizo wanawake wa mwani huwa kazini, na maneno yote ya somo letu la bahari huweza kuonyeshwa kwa kidole.